Nyumba ya Ampea Tano

27 Oktoba

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Ruba: mimi sijui kompyuta.

Nyumbani wananiita Mhandisi. Jina lilianza miaka mitatu iliyopita, siku rimoti ya televisheni ilipokufa nikageuza betri zikakaa upande wake, ikafufuka. Mama akapiga kigelegele hadi ghorofa ya pili wakaja kuuliza nani kaposwa. Tangu hapo kila kitu chenye waya huletwa mbele yangu kama mgonjwa. Nakitazama, nakizima, nakiwasha, na mara nyingi kinapona chenyewe. Wakiniuliza kilikuwa na nini, nanyamaza, nao wanadhani nanyamaza kwa sababu najua. Shuleni fizikia na hesabu tunasoma kwa Kifaransa, historia na fasihi kwa Kiarabu, kwa hiyo nimekuwa mtu wa kunyamaza kwa lugha mbili.

Leo baada ya chakula Ruba ametusomea barua. Ruba ni dada yangu, ana miaka ishirini na sita, ana shahada ya usanifu majengo, na ana miaka mitatu ya kukaa sebuleni akichora nyumba za watu wasiokuwapo. Ofisi moja ya Dubai inamtaka. Atafanya kazi akiwa hapahapa Tripoli, majaribio ya miezi mitatu, mradi awe na kompyuta yake yenye nguvu ya kutengeneza picha za majengo. Wameleta na orodha ya vipimo. Mjomba Bashir wa Abidjan amekubali kutoa pesa za kuinunua, mara moja tu, na kazi ikishindikana basi Ruba apande ndege akasimame kwenye kaunta ya duka lake.

"Miaka mitano nimesomea nguzo na mihimili," amesema Ruba, "halafu nikawapimie watu vitambaa?"

"Mdomo wako, binti," amesema Mama. "Vitambaa vya mjomba wako ndivyo vinavyokununulia kompyuta."

Baba ni mwalimu wa Kiarabu aliyestaafu. Ameichukua ile orodha, ameisogeza mbali, ameisogeza karibu, kisha amenikabidhi mimi.

"Mhandisi, kazi kwako."

Nimesema sawa.

29 Oktoba

Mvua ya kwanza. Orodha nimeisoma mara tisa.

3 Novemba

Prosesa, memori, kadi ya picha. Ninazijua kama ninavyojua majina ya mito ya Ufaransa, ambayo sijawahi kutia hata mguu. Kwenye simu ya Ruba nimesoma maoni ya wanunuzi mpaka macho yakauma: kila anayesifu kitu fulani, chini yake yuko anayekilaani. Kuna wanaosema chukua kompyuta ya mezani, kwa bei ileile unapata nguvu mara mbili. Kuna wanaosema chukua mpakato, ina betri yake ndani. Mama ameuliza kama itaweza kumwonyesha mapishi ya maamuli, zile biskuti zake za tende. Nimemjibu kwa sauti ya daktari kwamba itaweza.

9 Novemba

Leo nitaandika yote. 

Tumekwenda dukani kwa Zuhair, mimi na Ruba, chini ya ngazi za soko la simu. Zuhair ni mtu mnene, mpole, ana bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Ruba amempa ile orodha, akaniambia, "Wewe chagua, mimi naenda kutoa pesa za Mjomba kabla foleni haijafika barabarani," akaondoka. Hapo ndipo ningepaswa kumkimbilia.

Zuhair aliweka vitu viwili juu ya meza. Kulia, kompyuta mpakato ya kijivu, imetumika kidogo, haina sura ya kumtisha mtu. Kushoto, kompyuta ya mezani yenye ubavu wa kioo, ndani mna feni tatu na kadi ya picha ndefu kama mkate wa Kifaransa.

"Zote mbili zinafikia vipimo vya dada yako," alisema. "Hii ya kijivu inafikia kwa kuchuchumia. Hii nyingine inapita na kuaga. Sasa niambie, ustadhi, nyumbani mna ampea ngapi?"

Ni swali la kawaida. Kila muuzaji huuliza, hata anayeuza birika. Umeme wa dola, yaani wa serikali, huja kwa saa mbili tu kwa siku, na hakuna ajuaye saa zipi. Saa nyingine tunaishi kwa jenereta ya mtaa, na kila nyumba imenunua ampea zake: tano au kumi. Tano ni friji, taa, televisheni, basi. Kumi ni watu ambao mashine yao ya kufulia inazunguka wakati wowote waupendao. Sisi ni tano. Tumekuwa tano tangu Baba astaafu.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Kisha nikamwona Tamara.

Tamara anakaa dawati la mbele yangu darasani. Alikuwa kando ya rafu za printa pamoja na baba yake, mwenye duka la dawa, na waliposikia swali wote wawili waligeuka. Hawakugeuka kwa ubaya. Waligeuka tu, kama mtu anavyogeuka akisikia mwenzake anaulizwa ana umri gani. Katika mwaka mzima ilikuwa mara ya kwanza Tamara kunitazama usoni.

"Kumi," nilisema.

Zuhair akaondoa mkono wake kwenye ile ya kijivu, akauweka juu ya kioo.

"Basi usiumize kichwa. Chukua mnyama huyu."

Ruba aliporudi, alinikuta nimekwisha chagua. Aliukumbatia ule mnara wa kioo dukani mbele za watu, kisha akanikumbatia mimi, nywele zake zina maji ya mvua. "Mhandisi wangu," alisema. Tamara alikuwa bado yupo. Akatabasamu.

10 Novemba

Kumi.

12 Novemba

Leo umeme wa dola umekuja asubuhi, na kompyuta imewaka kwa mara ya kwanza. Feni zina taa za buluu. Baba amevaa miwani kutazama. Ruba amechora ngazi moja inayojizungusha, akaigeuza huku na huku kwa kidole kimoja, na Mama amesema, "Hee! Hata vumbi la ngazi linaonekana!" Nimefurahi. Kwa saa moja na nusu nilifurahi kabisa.

Kisha dola ikaondoka, jenereta ikashika, friji ikaunguruma kuanza kazi, na nyumba nzima ikazimika. Breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi kipimo, ilikuwa imejikata. Nimeshuka ghorofa tano hadi kwenye sanduku la jenereta, nimeinua breka, nimepanda. Nilipofika mlangoni ikakata tena.

Nimepiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla. Kwa Kifaransa, kama mtihani. Kompyuta na skrini peke yao zinakaa. Friji peke yake inakaa. Vyote pamoja havikai, hasa friji inapoanza.

15 Novemba

Breka mara sita.

16 Novemba

Breka mara nne. Mama amejifunza kuchomoa friji kabla Ruba hajawasha.

21 Novemba

Mvua. Labne, ule mtindi mzito wa Mama, imeharibika. Breka mara tano. Magoti yangu yanazijua ngazi.

28 Novemba

Nimemwambia Ruba nitaenda kuulizia kama inaweza kubadilishwa na ile mpakato. Ametaka tuende wote. Nimesema hapana, nitaenda mimi, ana kazi. Amesema, "Mungu akuweke."

Zuhair alikuwa anakula ful, maharage ya kupondwa, kwenye kibakuli. Nilipomweleza, aliacha kutafuna.

"Lakini nilikuuliza, ustadhi. Ulisema kumi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mna tano?"

Nilinyamaza. Yeye hakudhani kwamba najua. Yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye hakudhani.

"Ile ya kijivu aliichukua mama mmoja wa wilaya ya Kura, siku tatu baada yenu," alisema. "Watoto wake wanaangalia katuni." Akanisukumia mkate. "Kula. Mwambie baba yako aongeze ampea. Au umwambie dada yako ukweli, ni bei rahisi zaidi."

Nyumbani nimesema Zuhair amekataa kubadilisha. "Mwizi," amesema Mama. "Wote wezi." Na Zuhair alinipa mkate.

5 Desemba

Baba anajaribu kuongeza ampea. Anayesimamia jenereta ya mtaa ni Abu Tarraf, na Abu Tarraf amesema jenereta imejaa, hana ampea moja ya kumuuzia hata mama yake mzazi.

11 Desemba

Tumezoea. Hilo ndilo linalonitisha. Ruba anafanya kazi chumbani kwa taa za buluu, sisi watatu tunakaa sebuleni bila taa, tumevaa makoti. Mama ametoa vyakula vya friji kibarazani, kwa kuwa nje ni baridi kuliko friji. Mama haoshi nguo mpaka dola ije. Baba anasoma karibu na dirisha, mwanga ukipungua anafunga kitabu, anatusomea mashairi kutoka kichwani. Hakuna anayelalamika. Kila mtu anampenda Ruba, na kila mtu ananishukuru mimi.

Ofisi ya Dubai imesifu ngazi.

19 Desemba

Nimemwona Baba akiaibishwa leo.

Mama alikuwa ameamua kwamba Abu Tarraf anatuibia. "Ametuwekea breka ya ampea tatu, akaandika tano. Mtu yule ana uso wa tatu." Baba hana mazoea ya ugomvi, lakini breka ilipokata mara ya nne Ruba alilia, na Baba akavaa viatu. Nikamfuata.

Abu Tarraf alikuwa chini pamoja na majirani wawili, wanavuta sigara kwenye mlango wa jengo. Baba alianza vizuri, kwa Kiarabu cha darasani, mpaka aliposema neno "amana". Abu Tarraf akatupa sigara.

"Mwalimu, mimi unaniita mwizi? Haya, njoo." Akafungua sanduku, akamwonyesha breka yetu. "Soma. Wewe si ndiye mtu wa kusoma? Imeandikwa ngapi?"

"Tano," alisema Baba.

"Na ya jirani yako?"

"Tano."

"Jirani yako analalamika? Halalamiki. Kwa sababu hana kiwanda chumbani! Nani aliyekushauri uweke mashine ya nyumba ya ampea kumi ndani ya nyumba ya tano?"

Majirani walicheka kidogo, wakitazama chini. Baba akaweka mkono begani kwangu. Nilijua atakachosema kabla hajakisema, na sikuweza kukizuia.

"Ameichagua mwanangu Nazih," alisema, "na mwanangu anajua mambo haya kuliko wewe na kuliko mimi. Tatizo haliko kwenye mashine."

Abu Tarraf alinitazama. Hakucheka tena. Nadhani alielewa, na akanionea huruma, kwa sababu alisema taratibu tu, "Haya, Mwalimu. Haya. Mungu amhifadhi."

Tulipanda ghorofa tano. Kwenye ya tatu Baba alisimama kupumzika, akaniambia nisimwambie Mama.

24 Desemba

Breka mara mbili tu.

2 Januari

Breka mara saba.

9 Januari

Kuna kitu ambacho Ruba hukiita kupika. Michoro ikikamilika, anaiachia mashine kwa muda wa saa tano au sita iunde picha kamili, na mwanga na vivuli vyake. Ikikatika katikati, inaanza upya. Mpaka sasa amepika picha ndogo ndogo. Tarehe 22 Dubai wanataka picha kubwa ya shule nzima, ua na miti yake, saa nane kamili ya kwetu. Ndiyo itakayoamua kama wanamchukua. Michoro itakamilika usiku wa kuamkia siku hiyo, na jenereta, ambayo huzimwa usiku, huwashwa saa mbili asubuhi. Tutakuwa na muda wa saa sita kamili, kama hakuna kitakachogusa kitu.

Nimemwambia tutachomoa kila kitu. "Kila kitu," amesema. "Hata kengele ya mlango, Mhandisi."

17 Januari

Mvua siku ya nne. Tamara ameniuliza darasani kama kompyuta ni nzuri. Nimesema nzuri.

22 Januari

Sikwenda shule. Jenereta ilishika saa mbili na dakika mbili, Ruba akabonyeza, akaondoa mikono yake kwenye meza kama mtu aliyeachilia ndege.

Hakukuwa na kitu kingine nyumbani chenye uhai. Friji imechomolewa, taa, televisheni, chaja za simu. Kengele ya mlango niliikata waya mwenyewe. Mama alichemsha kahawa kwenye gesi akiinyatia, kana kwamba moto nao unaweza kukata breka. Baba alikaa dirishani na koti lake.

Saa nne, asilimia thelathini. Saa sita, sitini na sita. Miti ya ule ua ilikuwa inatokea mmoja mmoja kutoka juu ya skrini, na Ruba alinieleza kila mti ni wa aina gani. Nilikuwa sijui kwamba huchagua aina. Alisema, "Wakinichukua, jambo la kwanza nakununulia kompyuta yako mwenyewe. Utajichagulia." Nilitazama feni.

Saa saba, themanini na tano. Saa saba na dakika arobaini, tisini na nne. Mama alikuwa mlangoni na tasbihi yake, anahesabu asilimia badala ya kumtaja Mungu.

Hapo ndipo mtaa mzima ukapiga kelele. Wanapiga kelele hivyo kila siku, watoto kwenye ngazi, wanawake vibarazani: "Imekuja! Dola imekuja!" Jenereta huachia, umeme wa dola hushika. Katikati yake kuna kukatika, kufumba na kufumbua. Taa hupepesa tu. Hakuna mtu hapa anayekuhesabu kule kuwa ni kukatika, maana huo ndio umeme unaingia. Miezi miwili na zaidi tumepigana na breka, tumechomoa mpaka kengele, na sote wanne hatukuwahi kufikiria kufunga mlango dhidi ya umeme wenyewe.

Skrini ilizimika. Kisha nyumba ya juu televisheni ikawaka, mtu akawasha mashine ya kufulia, jengo zima likaanza kunguruma kwa furaha.

"Alhamdulillahi!" Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni. "Ruba, imekuja! Niichomeke friji?"

Ruba alikuwa ameweka mikono mapajani. Taa za buluu ziliwaka upya. Mashine iliuliza, kwa adabu, kama angependa kuanza.

Mpakato ya kijivu ina betri yake ndani. Isingejua hata kwamba kuna kilichotokea. Pale Kura watoto walikuwa wanaangalia katuni, na katuni haikusimama.

"Ichomeke, Mama," alisema Ruba.

24 Januari

Barua kutoka Dubai. Mistari mitatu, ya heshima.

25 Januari

Mjomba Bashir amepiga simu. Tikiti ni ya tarehe nane.

27 Januari

Nimejaribu. Nilimkuta Baba peke yake anamenya machungwa.

"Baba, ile kompyuta niliichagua vibaya."

"Kompyuta ilikuwa nzuri."

"Hapana, Baba, nisikilize. Dukani waliniuliza, na mimi—"

"Nazih." Alinipa nusu ya chungwa. "Usijibebeshe. Kosa ni la nchi. Ungechagua nini wewe, baba, katika nchi isiyo na umeme?"

Nikasema nilikuwa na kitu cha kuchagua, kilikuwa upande wa kulia wa meza. Alinipapasa kichwa. Nikaenda kwa Mama jikoni, nikamwambia kosa ni langu. Akasema kosa ni la Abu Tarraf na la Zuhair, na la waziri, akawataja mpaka wazazi wao. Hawanipi nafasi. Kuna watu wengi sana wa kulaumiwa hapa, nami ni mdogo, nimekuja nimechelewa, foleni imejaa.

1 Februari

Jirani wa ghorofa ya tatu anataka televisheni mpya. Baba amemwambia nitamchagulia. Nimekwenda, nikamchagulia. Alinishika mashavu, akanipa mfuko wa limau.

5 Februari

Kompyuta imenunuliwa na vijana wa ukumbi wa michezo ya kompyuta. Wao wana ampea ishirini. Waliibeba wanne wakiimba.

7 Februari

Ndege ni kesho alfajiri. Mchana huu Ruba alikuwa anafunga sanduku, akatoa rula zake za kuchorea, akazirudisha, akazitoa tena. Mwishowe amezipanga kwenye rafu yangu. Kisha akanionyesha simu mbili kwenye tangazo. Mjomba amesema atamnunulia moja akifika, aweze kutupigia.

"Nichagulie," alisema.

"Chagua wewe, Ruba."

"Mimi sijui mambo hayo. Nakuamini wewe."

Nilisema sijisikii vizuri nikaja huku chumbani. Nimeandika haya ili nimpe. Nimeandika kwa herufi kubwa, juu ya ukurasa, ili asihitaji kusoma mengine yote: RUBA, ZUHAIR ALINIULIZA, NIKASEMA KUMI KWA SABABU TAMARA ALIKUWA ANATAZAMA. Nimeuchana ukurasa huo kutoka daftarini, haya ninayaandika kwenye unaofuata. Nitauweka mkononi mwake, si ndani ya sanduku. Akitaka kunipiga, anipige akiwa bado hapa.

Anakuja. Ni yeye, ndiye anayeburuta kandambili hivyo. Amesimama kwanza kwa Mama, wanacheka kitu fulani. Sasa yuko ukumbini.

"Mhandisi, upo? Nimekuletea chai. Umenichagulia?"

Nitampa sasa hivi. Kitasa kinageuka. Nimeukalia ule ukurasa.